Anwani ya mtu na anwani ya cheo

Katika ofisi nyingi hapa Dodoma, barua pepe huharibika kabla haijaandikwa, palepale kwenye nafasi ya "Kwa". Mwandishi huandika herufi tatu za jina la mpokeaji, programu ikammalizia zilizobaki, naye akaridhika kwamba mashine inamfahamu anayemtafuta. Haimfahamu. Orodha ile ni kumbukumbu ya anwani alizokwisha kuandikiana nazo, wala haina habari kwamba mwenyewe alipata uhamisho kwenda Manyoni au amestaafu. Na wakiwamo akina Neema wawili, anaweza kutangulia yule anayeandikiwa mara kwa mara, si yule anayetakiwa leo.

Ndiyo maana kwa barua ya kikazi naona heri kutafuta anwani ya cheo kuliko ya mtu. Ya katibu mkuu wa wizara aghalabu huanza na ps, na ya mkurugenzi mtendaji wa halmashauri ya wilaya huanza na ded, kisha hufuata alama ya @ na jina la taasisi linaloishia na .go.tz. Aliyekalia kiti akihamishwa, anayempokea huikuta barua palepale. Anwani hizo hupatikana kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, mara nyingi chini kabisa ya ukurasa, na huko ndiko pa kuzinakili, badala ya kuzisoma kwenye picha ya barua ya zamani iliyozungushwa WhatsApp.

Kukisia ni hatari zaidi katika mikoa yetu hii. Kondoa ina halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji, na majina yao ya mtandaoni yanatofautiana kwa herufi moja tu: kondoadc na kondoatc. Singida nayo ina Manispaa na Wilaya. Ukiandika jina la taasisi isiyokuwapo kabisa, seva itakurudishia taarifa kwamba barua imeshindikana. Lakini ukiandika tc mahali pa dc, na anwani hiyo ikawa ipo, hakuna kitakachorudi, kwa sababu barua imefika salama, ila katika masjala ya jirani. Herufi kubwa na ndogo hazina neno upande wa kulia wa @, ingawa nukta ya mwisho wa sentensi, ikinakiliwa pamoja na anwani, inatosha kuikwamisha.

Lipo jambo moja la barua za karatasi ambalo barua pepe haikulirithi, nalo ni u.f.s., yaani "kupitia kwa". Mtumishi mwenye ombi kwa mkurugenzi huipitisha barua kwa mkuu wa idara yake, naye huongeza maoni kabla haijakwenda mbele. Kwenye barua pepe nafasi hiyo haipo, hivyo wengi humweka mkuu wa idara kwenye nakala wakidhani wametimiza utaratibu, kumbe nakala huwafikia wote kwa wakati mmoja, na mkuu anaweza kuisoma wakati mkurugenzi keshaisoma. Utaratibu unaofaa ni kumwandikia mkuu wa idara peke yake kwenye "Kwa", ukiambatisha barua iliyoelekezwa kwa mkurugenzi na kumwomba aipeleke mbele pamoja na maoni yake. Nakala fiche (Bcc) isiingizwe hapa hata kidogo, kwani aliyewekwa humo akibofya "Jibu wote", jina lake huonekana kwa kila mmoja.