Sawa, daktari

Leo ni Ijumaa, na maneno mawili niliyoambiwa Jumatatu bado hayajanitoka. Nimeyasikia nikitia chai, nimeyasikia ndani ya gari nikirudi kutoka Tunguu, na jana niliyasikia hata baada ya kuzima taa. Wiki hii barua ya kupandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi imefika, mdogo wangu amejifungua salama, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wamemaliza mitihani, lakini nikikaa kuandika kalamu inanirudisha palepale, kwenye meza ya hadubini, bonde la Cheju, saa tatu asubuhi.

Ami, msaidizi wetu mkongwe wa uwandani, mnamjua. Ndiye aliyenifundisha kushika mrija wa kunyonyea mbu nilipokuwa mwanafunzi mwenye haraka, nikivuta pumzi kwa nguvu mpaka mbu anafika amevunjika mbawa. Aliniambia nivute kidogo tu, kama mtu anayeonja uji wa moto. Kabla ya mbu alikuwa mtu wa mbung'o, nzi wanaowaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana: katika miaka ya 1990 alitega vibao vya buluu na vyeupe vilivyopakwa gundi kwenye msitu wa Jozani, wakati madume ya mbung'o yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yalipokuwa yakimwagwa kwa ndege juu ya Unguja, ili majike ya mwituni yapandwe nayo na yasizae. Anaikumbuka Septemba 1996, mbung'o wa mwisho wa mwituni aliponaswa, na anakumbuka zaidi miezi iliyofuata, walipoendelea kutega na kukagua vibao vitupu, kwa sababu kuthibitisha kwamba mdudu hayupo ni kazi ndefu kuliko kumkamata. Mtu aliyepita katika kazi hiyo hutazama kwa namna ambayo sisi wa vyuoni hatufundishwi. Na tangu siku ya kwanza ameniita mwanangu.

Usiku wa Jumapili mitego ya taa ilinasa Anofelesi, mbu wanaoeneza malaria, saba tu. Kwa afya ya watu wetu hiyo ni heri, kwa kuwa miaka ya vyandarua, dawa ya kupuliza kutani na dawa mseto imeshusha kiwango cha watu wenye malaria Zanzibar hadi chini ya asilimia 1. Lakini kwa anayetaka kujua kwa nini kidogo hicho kilichobaki hakiondoki, kila mbu ana thamani. Tunampasua ili tujue kama ameshataga. Mbu hupata damu, hutaga, hurudi kutafuta damu nyingine, na vimelea vya malaria vinahitaji siku kumi au zaidi ndani ya mwili wake kabla hajaweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo mbu kijana anaudhi tu, mbu mzee ndiye wa kuogopwa. Umri wake tunausoma kwa njia ambayo Tatiana Detinova aliieleza katika mwongozo uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962: unamweka mbu juu ya kioo chenye tone la maji, unavuta ncha ya tumbo kwa sindano mpaka mafuko ya mayai yatoke, unayaacha yakauke, kisha unatazama vijirija vya hewa vilivyoyazunguka. Kwa mbu ambaye hajataga, ncha zake zimejikunja kama uzi mpya kwenye bobini ya cherehani. Akishataga mara moja, mafuko yametanuka, uzi umenyooka, na haujikunji tena.

Nilikuwa nimempasua wa nne, wanafunzi sita wamenizunguka, nikainuka kufuta miwani yangu. Ami akainama kwenye hadubini, akatazama muda mfupi sana, akasema, "Mwanangu, huyu ameshazaa."

Nami nikamjibu, wala sikumtazama usoni, "Ami, hilo tuwaachie waliolisomea."

Akasogea pembeni, akaweka mikono nyuma. "Sawa, daktari."

Nikakaa, nikatazama. Uzi ulikuwa umenyooka wote, hapana hata ncha moja iliyojikunja. Nikachukua daftari, nikaandika "ameshazaa" mbele ya namba nne, nikaendelea na wa tano. Sikusema kitu. Wanafunzi waliona nilichoandika, na Ami, ambaye husoma maandishi yangu hata yakiwa juu chini, alikiona pia.

Tangu hapo naipindua ile "daktari" kila upande. Huenda alikuwa ananiheshimu mbele ya wanafunzi, kwa kuwa watu wa umri wake hawamwaibishi mwenye cheo hadharani. Huenda alikuwa ananirudisha nilipojiweka mwenyewe. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Kama angenikemea kama mzazi, ningemwomba radhi palepale na mambo yangekwisha.

Jana nikaisoma tena barua ya cheo, na badala ya furaha nikaingiwa na hasira, ambayo sikuitarajia. Fomu niliyojaza ilikuwa na sehemu ya makala zilizochapishwa, sehemu ya fedha za utafiti zilizopatikana, na sehemu ya wanafunzi niliowasimamia. Katika makala zangu zote Ami yumo kwenye mstari wa shukrani, ndani ya maneno "wasaidizi wa uwandani", bila jina. Ni yeye aliyesema kwamba mbu wa bondeni wanawauma watu barazani kabla hawajaingia vyandaruani, na kwamba mtego ulioko ndani ya chumba peke yake usingetupa habari hiyo; mimi niliipima kwa misimu miwili nikaiandika, na katika kuiandika swali likawa langu. Hakuna aliyenilazimisha. Ndivyo nilivyowaona walionitangulia wakifanya, nikaona ndiyo desturi ya kazi. Makala iliyoko mezani sasa haijatumwa, na jina lake nimeshaliweka miongoni mwa waandishi. Wenzangu wawili wameniuliza kwa adabu ana shahada gani. Nimewajibu kwamba ana miaka thelathini ya kutazama, na kwamba wakitaka kumpima waje Cheju na mbu wao.

Leo baada ya sala nilikwenda kwake. Alikuwa anashona mfuko wa wavu wa mtego mmoja uliotobolewa na panya, uzi mweusi juu ya wavu mweupe, mishono midogo ambayo mbu hapenyi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia, "Ami, Jumatatu nilikosa, na uliloliona ndilo lililokuwa. Niwie radhi." Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Yameshapita hayo. Huyo wa nne mlimpeleka maabara akatazamwe vimelea?"

Nikamwambia amepelekwa, kichwa na kifua katika kichupa chake, namba nne, na majibu bado.

"Basi vizuri, daktari. Jumapili tutege karibu na zizi, si huku."

Nimesikiliza vizuri. Alisema daktari, kwa upole ule ule, na alipokuwa akisema alikuwa ananikabidhi mfuko niushike upande mmoja ili apate kuunyoosha, kama alivyokuwa akinikabidhi vitu nilipokuwa mwanafunzi. Nimerudi nyumbani na mambo yote mawili, na sijui lipi nilishike.

Umeme umekatika tangu magharibi. Mlinzi amepiga simu kwamba jenereta limewaka mara moja likazima, na katika chumba cha kufugia mbu nina trei tatu za viluwiluwi na mayai ya kizazi kipya, ambavyo vinataka nyuzi joto 27 na unyevu usioshuka. Feni ikilala na mlango umefungwa, joto hupanda upesi. Nimempa binti yangu simu ya pili, nimechukua tochi na ndoo, na dereva wa teksi anasema yuko njiani.