Wabeba jeneza wa Ghana na swali la shangazi

Mwezi wa tano 2020 tulimpoteza baba mkubwa. Kisukari kilimsumbua miaka mingi mpaka kikamchukua, akazikwa Tanga na watu wachache manake ndo kipindi kile cha korona, sisi tuliokuwa mbali tukalia kwenye simu. Siku ya tatu ya msiba, shangazi bado anapokea pole kwenye grupu la familia, binamu yangu mmoja mdogo akatupia ile klipu ya wale jamaa wa suti na miwani nyeusi wanaocheza na jeneza begani. Hakuwa na nia mbaya, siku zile kila simu ilikuwa nayo. Grupu zima likanyamaza. Baadae shangazi akaandika mstari mmoja tu: "Hawa ni kina nani, na huyo marehemu ni wa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi lile swali lilinikaa kifuani, usiku nikaweka bando nikaanza kutafuta, na nilichokipata ndo kilinifanya nianze kuyafuatilia haya mambo ya meme, yaani zile picha na video watu wanazoigiza na kutumiana mitandaoni, mpaka leo.

Wale ni watu wa kazi. Kiongozi wao anaitwa Benjamin Aidoo, wanatokea Prampram, mji wa pwani sio mbali na Accra, na kubeba majeneza ndo riziki yao. Familia ikija anawauliza, mnataka tumsindikize kwa utulivu au tumchezee? Wakitaka kuchezewa basi vijana wanajipanga, sare imenyooka, viatu vinang'aa, wanapiga magoti na jeneza begani, wanalala chini nalo, wananyanyuka nalo, hatua zote zimefanyiwa mazoezi. Kwao kumsindikiza mzee kwa furaha ni heshima, umeishi, umelea, sasa nenda kwa shangwe. BBC walipomfuata 2017 alisema ameshaajiri watu kama 100, wanaume kwa wanawake, na alijivunia hilo kwamba vijana wamepata ajira.

Na marehemu? Moja ya video za mwanzo kabisa kusambaa ni ya 2015, mwanamke aliyeipandisha YouTube alikuwa anamsindikiza mama mkwe wake. Yaani mama wa watu kabisa. Shangazi aliuliza swali ambalo mamilioni ya watu hatukuliuliza.

Sasa imefikaje Tanga? Hapa ndo pananivutia mno. Video ilikuwepo miaka, wimbo nao ulikuwepo miaka. Ule mdundo unaitwa Astronomia, aliutengeneza Mrusi Tony Igy mwaka 2010, alafu 2014 Waholanzi wawili wanaojiita Vicetone wakaufanyia rimiksi. Hao na wa Prampram kila mtu alikuwa na yake. Mwanzoni mwa 2020 watu wa TikTok ndo wakaviunganisha: unaona mtu anataka kuruka kitu, anateleza, na kabla hajagusa chini video inakatwa, mdundo unadondoka, jeneza linaingia. Ule mkato ndo siri yenyewe, manake huoni kilichompata, unamalizia mwenyewe kichwani. Na hakuna neno hata moja la kutafsiri, mtu wa Lima anaelewa, wa Manila anaelewa, na binamu yangu anaelewa. TikTok nayo ilivyotengenezwa, ukiipenda sauti unaibonyeza unatengeneza ya kwako na sauti ileile, kwaiyo kila anayeangalia ni mtengenezaji mtarajiwa.

Alafu dunia ikafungwa. Watu wako ndani, wanaogopa kufa, na hiyo klipu inazungumzia kifo bila kukitaja. Polisi wa Peru na Colombia wakabeba majeneza wakacheza nayo barabarani kuwaambia watu wakae ndani, Brazil wakaweka bango kubwa lenye picha ya kina Aidoo, kaa nyumbani au ucheze na sisi. Ukiniuliza mimi, bila korona ile klipu ingekufa ndani ya wiki tatu.

Neno meme lenyewe ni la zamani kuliko intaneti, Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza, alilitunga 1976 akizungumzia vitu vinavyorithishwa kwa kuigana, nyimbo, misemo, mitindo ya mavazi. Nikisoma hivyo naziona kanga za shangazi. Kanga ina mji wake, ule mchoro wa katikati, ina pindo, ina jina lake, yale maneno ya chini, na lile jina analitunga mtu asiyekujua, wewe unalivaa kumjibu jirani yako, kesho mwingine analivaa kwa ugomvi mwingine kabisa. Pwani tulikuwa tunatumiana picha na maneno kitambo sana.

Ila kwenye kanga huvai uso wa mtu usiyemjua. Hapo ndo nakuwa mkali. WhatsApp ile mishale miwili juu ya meseji inakwambia imesambazwa mara nyingi, na mwezi wa nne 2020 wakaweka kikomo, meseji ya namna hiyo unaisambaza kwa chati moja tu kwa wakati, vizuri. Lakini mishale haikwambii ni nani yule kwenye picha. Nyuso za Waafrika zinazunguka dunia nzima bila majina, stika juu ya stika, zimefifia kwa kukatwa na kutumwa upya. Aidoo alisimama akasema ni sisi, akawashukuru madaktari kwa video, akalirudisha jina lake kwenye sura yake. Wengi hawapati nafasi hiyo.

Kesho yake nilimtumia shangazi voisinoti ndefu ya dakika sita nikamweleza yote, kazi yao, Prampram, yule mama mkwe. Akanijibu, "Ahsante mwanangu. Mungu amrehemu huyo mama." Na binamu alimpigia mwenyewe kumtaka radhi, yakaisha.

Juzi klipu imetua tena kwenye grupu la kikoba chao, watu wanaweka vicheko. Shangazi akabonyeza kinasa sauti, "Hao ni vijana wa Prampram, Ghana. Mkubwa wao Aidoo. Hiyo ni kazi yao, na hapo kuna mtu anazikwa."