Kauri yako ni ya mwaka gani?

Hilo ndilo swali linaloniandama, pamoja na picha ya kauri moja kiganjani (kombe dogo la konokono wa bahari, lililotumika zamani kama pesa), haina asili wala historia. Nami huuliza: imetoka wapi, na ilikuwa pamoja na nini? Bila hayo naweza kukutajia aina tu.

Aina zilizotumika hasa kama pesa ni mbili. Moneta ni ya manjano na ina vinundu ubavuni, hivyo umbo lake halikai duara. Annulus ni ya mviringo, laini, na mgongoni imezungukwa na pete ya rangi ya dhahabu. Lakini kauri nyingi za pesa zilitobolewa au kuondolewa mgongo zitungwe uzini, na pete ikaondoka nao. Basi zipapase ubavuni, utafute vinundu. Rangi mimi siiamini hata kidogo. Jua na udongo huichuja.

Utamu uko Afrika Magharibi. Kwa karne nyingi kauri za pesa za huko zilikuwa hasa moneta ndogo za Maldivi, visiwa vya Bahari ya Hindi. Kisha, kuanzia mwaka 1845, wafanyabiashara wa Hamburg wakawa wanajaza meli annulus za Zanzibar, wanazishusha Lagos na Ouidah (Benin ya leo), wanarudi na mawese. Walizimwaga kwa wingi hadi thamani ya kauri ikaporomoka. Kwa hiyo lundo lililofukuliwa huko likiwa limejaa annulus, siliweki kabla ya miaka hiyo. Moja mbili si hoja, maana Maldivi nako zipo. Lundo la moneta peke yake ndilo linalosumbua, maana laweza kuwa la kale sana: mzigo wa msafara uliokutwa jangwani Ma'den Ijafen, Mauritania, kauri pamoja na fito za shaba, unakadiriwa kuwa wa karne ya 12 hivi.

Kuna wanaokimbilia kipimo cha kaboni ili kujua umri. Sawa, ila maji ya bahari yana kaboni kongwe, na kombe lisiposahihishiwa hesabu hujiongezea umri wa kama miaka 400. Tena kipimo kinakwambia konokono alikufa lini. Kauri ingeweza kuzunguka sokoni vizazi kadhaa baada ya hapo.

Ndiyo maana nasisitiza: ukipata kauri zikiwa bado zimetungwa (Ouidah uzi mmoja ulikuwa wa kauri 40), usizifungue wala usizioshe. Uzi wa mmea ukipimwa kaboni hauna shida hiyo ya bahari, nao unakaribia zaidi siku zilipotungwa.