Siku moja na Kimondo, mbwa wa kilo 63

Saa 11 alfajiri

Uyole, hapa Mbeya, mwezi wa Julai haina alfajiri. Ina usiku, halafu ina baridi. Natoka na tochi ya simu, nyasi za uani nyeupe kwa sakitu, nafungua mlango wa chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Kimondo hainuki. Ananitazama tu, mkia unapiga ukuta, pu, pu, kama mtu anayetwanga bila haraka.

Ni Great Dane dume, miaka mitatu, rangi ya kijivu cha chuma. Jina nilimpa mimi, kwa heshima ya lile jiwe la Mbozi lililoanguka kutoka mbinguni, maana naye aliniangukia hivyo hivyo. Mwenye mbwa alihamishwa kikazi, akaniomba nimtunze wiki mbili. Huu ni mwezi wa tano tangu aje.

Watu hudhani ukubwa ule unamtia joto. Manyoya yake ni mafupi kama ya swala, na baridi ya huku haimwonei huruma. Kwa hiyo amevaa koti la blanketi la mtumba alilolishona fundi wa Mwanjelwa. Fundi alinirudisha mara mbili kupima upya kifua, akidhani nimekosea kuandika namba. Chini kuna godoro lililozungushiwa maranda ya mbao. Alikotoka alikuwa analala kwenye saruji, na uzito wote ule ukikaa juu ya kiwiko, ngozi inaota sugu, sugu inapasuka, kidonda kinaingia. Viwiko vyake sasa vimeanza kulainika.

Kila asubuhi namkagua kabla sijanawa uso. Ufizi: uwe wa waridi. Miguu: asichechemee, maana kwa mbwa wa mbegu kubwa aliyekwisha kukomaa, kuchechemea kusikoisha si lazima kuwe kuteguka, kunaweza kuwa saratani ya mfupa. Kifua: kama anakohoa au anachoka ovyo, mawazo yanakwenda kwenye moyo, kwa sababu ukuta wa moyo wa Great Dane una tabia ya kutanuka na kulegea. Mwisho tumbo. Nalipiga kwa vidole viwili nyuma ya mbavu. Likitoa sauti bubu, siku imeanza vizuri.

Niseme mapema: mimi si daktari. Nina stashahada ya afya ya mifugo na kaduka ka dawa. Wateja wananiita dokta, nimewakatalia miaka sita, nimechoka.

Saa 12 na robo

Tunatembea kabla wanafunzi hawajajaa barabarani. Mama wa maandazi anavuka upande wa pili kama kawaida, halafu kutoka huko huko ananisalimia, "Mugonile!" Vijana wa bodaboda nao wana swali lao lile lile: "Dada, huyo ndama utamkamua lini?"

Wasichokijua ni kwamba Kimondo anaogopa bata. Bata mmoja tu.

Alipokuja alikuwa ananivuta kama mkokoteni ulioshika mteremko wa Mlima Nyoka. Mimi nina kilo 58, yeye 63. Hapo nguvu haisaidii. Nikaanza naye somo moja tu: kamba ikikaza, nasimama kama nguzo ya TANESCO. Ikilegea, tunakwenda. Kwa fundi baiskeli ni umbali wa kurusha jiwe, na siku za mwanzo tulitumia nusu saa kufika. Wiki ya tano akaelewa. Mtoto wa mbwa somo hilo angelielewa kwa siku chache, na wakati huo ana kilo 8, ukikosea hujavunjika mkono. Ndiyo maana nawaambia watu: fundisha akiwa bado unaweza kumbeba.

Halafu hili la lugha. Mbwa wa mtaa huu karibu wote wanaamrishwa kwa Kiingereza, hata na watu ambao Kiingereza chao kinaishia kwenye amri hizo tatu. Kimondo anajua kaa, lala, acha, ngoja. "Ngoja" ndiyo niliyoisomesha muda mrefu kuliko zote.

Saa 1 na nusu

Chakula. Sufuria ni lile la kupikia msibani. Chenga za mchele, unga wa dona kidogo, mapupu na vichwa vya kuku kutoka bucha, dagaa waliooshwa kuondoa chumvi, karoti. Vitunguu haviingii, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa pia haiingii, inapasuka kama vijiti vya mianzi.

Anakula mara tatu kwa siku, sehemu ndogo, na bakuli liko chini. Zamani tuliambiwa mbwa mrefu umwekee bakuli juu ya kigoda ili asimeze hewa. Mwaka 2000 ukatoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ukaonyesha kwamba waliolishwa kwenye bakuli la juu ndio waliovimba tumbo zaidi. Nikaondoa kigoda. Ndani ya bakuli naweka jiwe moja la mtoni, kubwa asiloweza kulimeza, ili alizungukie kwa ulimi na ale polepole. Baada ya hapo saa nzima hakuna kukimbia. Analala mlangoni, nami namruka kuingia na kutoka.

Saa 3

Mteja wa kwanza dukani ni kaka mmoja mstaarabu sana. Anataka kilo mbili za mifupa iliyosagwa, ile tunayochanganyia chakula cha kuku wa mayai.

"Una kuku wangapi?"

"Si wa kuku, dokta. Ni wa mbwa."

Mbwa mwenyewe yuko nje, kwenye bajaji. Boerboel wa miezi mitano, uso wa huruma, miguu ya mbele imepinda matege kama mchezaji wa zamani. Anapewa mifupa ya unga kila siku, maziwa, na mchana anakimbizwa nyuma ya baiskeli "ili ajazie".

Nikaweka kopo chini. Mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa hana mlango wa kuikataa kalsiamu iliyozidi, ile chokaa ya mifupa. Ukimwaga, mwili unaibeba tu, na mifupa inakua vibaya. Tatizo lake si kwamba anakua taratibu. Tatizo ni kwamba tunamharakisha. Mifupa ya hawa inaendelea kukomaa mpaka mwaka mmoja na nusu, hata miwili, na muda wote huo hatakiwi kuwa mnene, hatakiwi kurukaruka kutoka kwenye gari, hatakiwi kukimbizwa na baiskeli.

"Lakini ni mwembamba," kaka akasema.

Nikamwambia akunje ngumi apapase vifundo vya vidole vyake. Hivyo ni mbavu za mbwa aliyekonda. Kisha anyooshe mkono apapase mgongo wa kiganja: mifupa unaihisi ila huioni. Hivyo ndivyo anavyotakiwa awe. Akapapasa kiganja, akampapasa mbwa, akarudia kiganja. Hakusema kitu. Nimempa namba ya daktari akaangaliwe miguu, nimemuuzia dawa ya minyoo tu. Hasara yangu ni kilo mbili za mifupa.

Saa 6 mpaka saa 8

Chanjo ya kideri, vitamini za kuku, chanjo ya kideri. Nimekula wali maharage nimesimama.

Saa 8 na nusu

Wamefika. Mwalimu mstaafu na mkewe, kutoka Tukuyu, safari yao ya pili. Sharti langu ni watu waje mara tatu kabla mbwa hajaondoka, na najua wapo wanaonisema kwamba namtolea Kimondo mahari.

Wacha waseme. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja na fedha mkononi. Anataka mbwa wa kufungiwa bandani mchana kutwa ili usiku awe mkali. Mbwa wa kilo 63 anayefungiwa mchana kutwa hawi mlinzi, anakuwa mgonjwa wa akili mwenye meno. Kimondo analinda kwa kusimama tu. Nilimwambia bwana yule akafunge kengele.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mkwe wetu hajambo?"

Kimondo akaenda moja kwa moja kwa mama, akamwegemea pajani kwa uzito wake wote. Ndiyo tabia yao, wanaegemea. Mama akayumba, akashika nguzo ya kibaraza, akacheka mpaka machozi. Nikamfundisha: usimsukume, sogea hatua moja pembeni, atajikuta hana ukuta. Akasogea. Mbwa akabaki amepinda kama mlevi anayetafuta mlango.

Kisha akaishika kamba. Nilitaka mama aishike, si mwalimu, kwa kuwa ndiye atakayekuwa nyumbani zaidi. Tukaenda mpaka kwa fundi baiskeli na kurudi. Mara mbili kamba ilikaza, mara mbili mama akasimama kama nguzo. Safi kabisa.

Maswali yangu yalikuwa ya ua, ya bajeti ya chakula, na ya parachichi. Tukuyu parachichi zinaanguka zenyewe, na kokwa lake likimezwa linaziba utumbo. Mwalimu akasema atazungushia miti miwili iliyo karibu na nyumba. Tukakubaliana pia kwamba Kimondo haondoki kabla hajafanyiwa upasuaji mwezi ujao: atahasiwa, na humo humo daktari atalishona tumbo lake kwenye ukuta wa ndani, upande wa kulia, lisiweze kujipinda. Kuhasi sikutaka kufanye mapema. Mbegu hii ni vizuri imalize kukua kwanza.

"Anaishi miaka mingapi?" mwalimu akauliza.

Swali hili huwa silikwepi. Saba hadi kumi. Nikamsimulia habari za Zeus wa Marekani, Great Dane aliyeingia kwenye kitabu cha Guinness kwa urefu wa sentimita 111.8 begani, aliyekufa mwaka 2014 akiwa na miaka mitano tu. Mwili mkubwa unalipiwa.

Mwalimu akahesabu kwa vidole. "Mimi nina 71. Basi tutakwenda sambamba."

Mkewe akampiga kibao cha begani. Watarudi Jumamosi.

Saa 11 na dakika 20 jioni

Simu. Kijana mlinzi wa yadi ya mbao, upande wa Mbalizi.

"Dokta, Simba anataka kutapika ila hatapiki."

Nilikuwa nahesabu fedha za siku. Nikaziacha mezani.

"Tumbo?"

"Limejaa. Nikiligusa ni kama ngoma."

"Anatulia?"

"Analala, anaamka, analala, anaamka. Anatoa mate mengi."

Siku nzima nimekuwa nikiwaambia watu taratibu, taratibu. Hili ndilo jambo moja lisilosubiri. Tumbo linajaa hewa, linajipinda kwenye shina lake, damu hairudi kwenye moyo, na kwa saa chache tu mbwa anakufa. Nikamwambia asimpe kitu chochote, si mafuta ya kula, si maziwa, si soda. Apakiwe kwenye gari lolote, sasa hivi. Akapata kirikuu kilichokuwa kinashusha mbao. Nami nikampigia daktari mjini, nikadandia bodaboda.

Kati ya Mbalizi na mjini ni malori ya Tunduma mwanzo mwisho. Dereva wa kirikuu alipita pembeni ya barabara, kwenye vumbi, taa zikiwaka. Walipofika, Simba alikuwa hawezi kusimama. Boerboel wa miaka saba, ufizi mweupe kama chokaa.

Daktari alinyoa ubavu, akaingiza sindano nene, upepo ukatoka kwa mlio wa tairi. Wakati dripu mbili zinaingia, mwenye mbwa akapigiwa simu aambiwe gharama ya upasuaji. Akauliza, "Kwa hela hiyo si nanunua mwingine?" Daktari akaweka simu mezani, spika imefunguliwa, akaendelea kunawa mikono mpaka viwikoni. Simu ilikaa kimya muda mrefu. Halafu: "Haya. Fanyeni."

Mimi nilishika taa na kuhesabu pumzi. Tumbo lilikuwa limegeuka kweli, na wengu umevutwa nalo, umevimba, mweusi kama ini la juzi. Daktari akaligeuza, akangoja, tukatazama rangi. Ikarudi, si yote, ila ya kutosha. Akalishona mahali pake, upande ule ule wa kulia niliokuwa namwonyesha mwalimu mchana kwa kidole kwenye ubavu wa Kimondo.

Tulimaliza saa 3 na nusu usiku. Siku tatu zijazo moyo unaweza kupoteza mapigo yake wakati wowote. Akikojoa usiku huu, itakuwa dalili njema. Kijana mlinzi alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, soli zake zimejaa maranda. Alisema jana kwa bosi kulikuwa na kipaimara, leo mchana likaletwa sufuria zima la pilau lililobaki, akampa Simba lote kwa sababu alikuwa analipenda. Nilimwambia kwamba huyu ana kifua kirefu na umri umekwenda, ingeweza kumpata hata siku ya ugali. Ni kweli. Sijui kama alinisikia.

Saa 4 na nusu usiku

Nyumbani mdogo wangu amelala na redio. Nikamwamsha.

"Kimondo amekula saa ngapi?"

"Saa 1. Kile kidogo, kama ulivyosema."

"Jiwe uliliweka?"

"Niliweka, dada."

Nikaenda stooni. Koti limepinda shingoni, nikalinyoosha. Nikapiga tumbo kwa vidole viwili. Bubu. Nikavuta kigoda, kile nilichokiondoa chini ya bakuli lake, nikakaa. Akaniwekea kichwa mapajani, miguu yangu ikafa ganzi, sikumtoa.

Saa 7 kasoro simu ikalia mlio mmoja. Ujumbe wa daktari ulikuwa na neno moja: "Amekojoa."

Nikazima tochi.