Shosho na ile piano ya Laurel na Hardy

Hii ilikua Disemba 1996, tukikaa Jericho, Nairobi, na shosho, yaani nyanya yangu, alikua ametoka Murang'a kuja kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikua na bendeji, lile lingine ndio la kutumia, na daktari alikua amemkataza kitu kimoja tu, asibebe mzigo wowote. Sasa mwambie hivyo mtu ambaye amebeba maji na kuni mgongoni na kamba ya kichwa tangu akiwa msichana, ana alama ya hiyo kamba kwa paji la uso mpaka ukigusa unasikia bonde. Alikua anakaa kwa kiti kutwa nzima mikono imelala kwa mapaja kama ya mtu mwingine, haongei, hata chai anaiacha inapoa. Mimi ilikua inaniuma kumwona hivyo.

Jumamosi jioni anko akaja na deki yake na kaseti ya kukodi. Tulikua tumengoja kung fu wiki nzima, kumbe mwenye duka amechanganya makava, ndani ni Laurel na Hardy, wale wachekeshaji wawili wa filamu za zamani. Tulinuna sana lakini duka lilikua limefungwa, kwa hiyo tukaangalia tu, kwa ile TV yetu ya Greatwall ya inchi 14 isiyo na rangi, na hata hatukupoteza kitu kwa sababu filamu yenyewe ni ya 1932 na haina rangi.

Ilikua ile ya The Music Box. Jamaa wawili wana mkokoteni na farasi, wametumwa kupeleka piano, wanauliza nyumba iko wapi wanaonyeshwa juu, na kati yao na hiyo nyumba kuna ngazi ndefu ajabu (ziko mpaka leo huko Los Angeles, ni 133). Anko alianza kutafsiri Kizungu, "shosho, sasa huyo anasema..." na shosho akainua mkono, "Nyamaza. Naona."

Na kweli alikua anaona kutushinda sisi. Wakifika katikati ya ngazi akaja yaya na kigari cha mtoto anataka kupita, shosho akasonga mbele ya kiti, "Wasiachilie! Wasi..." na piano ikaanza kuteremka peke yake, inagonga kila ngazi, inalia ndani ya sanduku kama kitu kimeumia, na hao wawili mbio nyuma yake. Shosho akapiga makofi mara moja, paa, halafu akashika mdomo.

Baadaye nimeziangalia hizi filamu nyingi sana na naamini huo ndio utamu wake, hawakufichi kitu, unajua mzigo utaanguka kabla wao wenyewe hawajajua, halafu wanakungojesha, wanakungojesha tena, mpaka wewe ndio unapiga kelele. Hiyo kungojesha ni kazi ngumu. Stan Laurel, yule mwembamba Mwingereza, ndiye alikua anakaa kupanga vituko, na Oliver Hardy, yule mnene wa Georgia huko Marekani, alikua na ile namna yake, akishaangukiwa na kitu hapigi kelele, anageuka polepole anakutazama wewe uliye nyumbani, ni kama anakuuliza umeona ninavyoteswa?

Alipogeuka hivyo mara ya kwanza shosho akamjibu. "Pole, mzee wangu." Kwa sauti ya chini, ya heshima, vile unamwambia jirani aliyefiwa na ng'ombe. Hakuna mtu alicheka hapo.

Halafu ikafika pale wamepandisha piano mpaka juu kabisa, jasho tupu, na tarishi anawaambia kumbe kulikua na barabara inazunguka mlima, wangekuja na mkokoteni tu. Wakaangaliana. Wakaibeba tena. Wakaiteremsha ngazi zote, ndio waipakie kwa mkokoteni waje nayo kwa barabara!

Shosho alishika kichwa na mikono miwili, akaanza kutikisika mabega kwanza bila sauti, ndio kicheko kikatoka, na mama anapiga kelele "Jicho! Mama, jicho!" na yeye hawezi kunyamaza, machozi yanatoka kwa lile jicho zima, anasema kwa Kikuyu maneno ambayo mama alikataa kututafsiria. Tulirudisha kaseti nyuma mara tatu usiku huo.

Kabla ya kulala akaniuliza, "Hao ni ndugu?" Nikasema hapana shosho, ni marafiki tu. Akafikiria. "Na huyo mnene, mbona hamwachi?" Sikuwa na jibu. Miaka mingi baadaye ndio nikasoma kwamba Hardy alipofariki 1957, Laurel aliishi miaka saba na nusu zaidi na hakukubali kuigiza tena kamwe, na nikatamani sana shosho angekuwepo nimwambie.

Siku ya kurudi Murang'a tulimpeleka steji na gunia la unga na sukari alilonunuliwa. Mimi na anko tukashika huku na huku, tumeshaanza kuinua tupandishe juu ya keria ya matatu, na shosho na bendeji yake akatusimamisha kwa mkono, akamgeukia makanga.

"Kijana, kabla hawajapandisha. Hakuna mlango wa nyuma?"

Ulikuwepo.