Shubiri Tatu za Nge: Safari ya Bathgate

Kwetu Dodoma mtoto hufundishwa kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa, kwa kuwa huenda nge amelala humo. Malezi hayo ndiyo yaliyonipeleka Bathgate, mji mdogo wa Uskoti ulio mwendo wa nusu saa hivi kwa treni kutoka Edinburgh, kuyatazama makazi ya nge wa kale anayekadiriwa kufikia urefu wa sentimita 70.

Siku moja kabla nilizunguka Makumbusho ya Taifa ya Uskoti, nikasimama kwa muda mrefu mbele ya Lizzie, mnyama wa kale afananaye na mjusi, aliyegandamana na jiwe la chokaa la East Kirkton, machimbo ya zamani ya Bathgate. Nilinyoosha mkono juu ya kioo nikampima: hatimizi shubiri moja. Nge aliyeishi naye kando ya ziwa lililokuwapo hapo zamani alifika shubiri tatu. Nyumbani nimezoea kusikia mjusi akimla mdudu. Hapo nilianza kuwaza kinyume chake.

Machimbo yenyewe yamezeeka, nyasi na miti vimeyameza, na nyumba za watu zimeyasogelea. Mwaka 1984 mkusanyaji wa visukuku Stan Wood aligundua kwamba mawe ya hapa, ambayo watu walikwisha kuyajengea kuta, yamejaa viumbe wa kale. Miaka kumi baadaye mtaalamu Andrew Jeram alimpa nge huyu jina la Pulmonoscorpius kirktonensis, yaani nge wa mapafu wa Kirkton. Jina hilo lina uzito wake. Mapafu ya nge yamepangwa kurasa kwa kurasa kama kitabu, hewa ikipita katikati, na jiwe la hapa liliyahifadhi. Kwa hiyo, ingawa nge wengi wa kale walidhaniwa kuwa wakazi wa majini, huyu alivuta hewa kama wa kwetu.

Nilikaa juu ya jiwe, mvua nyembamba ikininyeshea, nikajitahidi kuliona joto la takriban miaka milioni 330 iliyopita, wakati ardhi hii ilipokuwa karibu na ikweta. Palikuwa na volkano, chemchemi za maji ya moto zikitiririka ziwani, na misitu iliyoshika moto mara kwa mara, kwani makaa yake bado yamo ndani ya mawe. Nge wa leo huona kwa shida, naye huwinda usiku akisikiliza mitikisiko ya ardhi kwa miguu. Yule wa Kirkton alikuwa na macho makubwa ubavuni mwa kichwa, jambo linaloashiria kwamba alitembea mchana na kulitazama windo lake. Kwa mtu aliyelelewa kumwogopa nge wa gizani, wazo hilo lilinisumbua kuliko urefu wenyewe.

Wengi husema ukubwa huo uliletwa na wingi wa oksijeni. Sishawishiki sana, maana huko Trimpley, Uingereza, katika miamba yenye zaidi ya miaka milioni 400, kilipatikana kidole kimoja cha gando la nge aitwaye Brontoscorpio, aliyekadiriwa kukaribia mita moja, na wakati huo misitu mikubwa ya makaa ya mawe, inayosemekana kuijaza hewa oksijeni, ilikuwa bado haijaota. (Kumkadiria mnyama mzima kwa kidole kimoja nako kunataka tahadhari.) Naona ni busara zaidi kuukumbuka uchache wa maadui wakubwa wa nchi kavu. Hata hivyo ukubwa ulikuwa na gharama yake: ili akue, nge hana budi kujivua gamba, na katika saa hizo za ulaini mwili mzito huelemewa na uzani wake na hauwezi kujitetea.

Nikirudi stesheni nilikumbuka kwamba ni katika mji huu mkemia James Young alianza, mwaka 1851, kutengeneza mafuta kutokana na makaa ya mawe, na miaka michache baadaye akauza mafuta ya taa. Nge wa kwanza niliyemwona maishani nilimwona kwa mwanga wa koroboi, ukutani, juu kidogo ya mkeka. Kabla ya kupanda treni niliketi kwenye benchi nikavua viatu vilivyolowa, na kabla ya kuvivaa tena nikavikung'uta, kimoja baada ya kingine.