Damu 8.9 nikiwa na mimba ya miezi minane

Dada zangu wajawazito, hasa ninyi mlioingia mwezi wa saba kwenda mbele, nina jambo moja la kuwaomba kabla sijasimulia lolote. Mkienda kliniki safari hii, ulizeni: "Damu yangu ni ngapi?" Mkijibiwa "iko sawa" au "imepungua kidogo", msiishie hapo. Ombeni namba, na mhakikishe imeandikwa kwenye kadi.

Nasema hivi kwa sababu uchovu wa mimba kubwa una watetezi wengi. Mama mkwe atakwambia huyo ni mtoto wa kiume, ndivyo wanavyochosha. Jirani atakwambia yeye alilima mpaka siku ya uchungu. Shoga yako atasema lala, kesho utaamka mzima. Na kweli mimba inachosha, hakuna anayebisha. Mtoto amebana mapafu, mgongo unauma, usiku unaamka kila mara kwenda chooni. Lakini nyuma ya uchovu huo kuna mwingine unaojificha, wa kupungukiwa damu, na huo una dawa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, na tunaishi Mabatini, juu kabisa, kule njia inakopita katikati ya mawe na bodaboda anakushusha chini umalizie kwa miguu. Mimba yangu ilifika mwezi wa nane Desemba, msimu wa sare za shule, wakati ambao fundi halali. Cherehani changu ni cha kukanyaga. Kwanza nikaona miguu haina nguvu ya kukanyaga pindo moja mpaka mwisho. Halafu moyo ukaanza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu, natunga uzi kwenye sindano. Nikisimama ghafla kumpima mteja, macho yanaingia giza. Jioni, njia ya kupanda nyumbani niliyoizoea miaka yote ikawa ya vituo: napanda kidogo, naegemea jiwe, nahema, napanda tena. Watoto wa jirani wananipita na madumu ya maji kichwani.

Na nilikuwa natamani udongo. Ule mweupe wa vipande, pemba, unaouzwa sokoni kwenye visahani. Naupitia asubuhi, nanusa tu harufu yake mate yanajaa mdomoni.

Kliniki ya mwezi ule nilimpata nesi mmoja mtu mzima, mpole. Akaniuliza, "Mama, unachoka?" Nikamwambia nachoka, sista. Akaweka kalamu chini. "Unachoka namna gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza habari za moyo, za giza machoni, za mawe ya njiani. Akavuta ukope wangu wa chini kwa kidole gumba, akatazama sehemu ya ndani. Akanigeuza viganja, akaweka cha kwake pembeni ya changu ili na mimi nione. Mistari ya kiganja changu ilikuwa imepauka kabisa. Akanitoboa kidole, akapangusa tone la kwanza kwa pamba, la pili akalivuta kwenye kijiplastiki chembamba, akakichomeka kwenye kimashine. Ikatoka 8.9, yaani gramu za hemoglobini kwa desilita moja ya damu.

Kwenye kadi yangu, mstari wa mwezi wa nne, ilikuwa imeandikwa 11.4. Ndiyo maana nasisitiza kupima tena. Kipimo cha mwanzo wa mimba hakiwezi kusemea mwezi wa nane.

Alinieleza hivi, na nimeendelea kusoma tangu siku ile. Mjamzito anatengeneza damu nyingi kuliko kawaida, karibu nusu zaidi ya aliyokuwa nayo. Lakini sehemu ya maji huongezeka kwa kasi kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo damu inakuwa nyepesi, kama uji ulioongezwa maji. Kushuka kidogo ni kawaida. Ikishuka chini ya 11, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, huo unahesabiwa kuwa upungufu, na chini ya 7 ni hatari ya haraka. Miezi hiyo ya mwisho ndiyo pia mtoto anapojiwekea akiba ya madini chuma ya kuanzia maisha. Anachukua kwa mama, hata kama ya mama ni kidogo. Halafu kuna kujifungua kwenyewe. Kila mwanamke hupoteza damu kiasi anapojifungua. Aliyeingia leba na damu pungufu hana pa kupunguzia. Nesi alipofika hapo sauti yake ilibadilika, na mimi nikaacha kufikiria sare za watu.

Sipo peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna mengine ya nyongeza. Kuna malaria. Kuna kichocho kwa wanaoingia ziwani kufua, kuoga au kuvua. Kuna minyoo ya safura, inayonyonya damu taratibu tumboni. Kuna selimundu, ambayo wengine wanaibeba kwenye familia bila kujua. Kwa hiyo sikupewa vidonge nikaondoka. Nilipimwa malaria, choo na mkojo, na nikaulizwa kama kuna ndugu mwenye selimundu. Mimi sikukutwa na kitu katika hivyo. Chuma tu ndicho kilichokuwa kimeisha. Mwenzangu tuliyekaa naye kwenye benchi alikutwa na kichocho. Angemeza vidonge vya damu mwaka mzima, kichocho kikaendelea kumkausha.

Sasa vidonge. FEFO tunazifahamu wote, zile zenye madini chuma na foliki asidi. Mjamzito asiye na tatizo hupewa kimoja kwa siku. Mimi niliandikiwa viwili mpaka damu ipande. Usijiongezee mwenyewe, hilo ni la daktari au nesi kukuandikia. Nesi alinikalisha hasa kwenye suala la saa. Aliniuliza siku yangu inakwendaje kuanzia alfajiri, nakunywa nini na nini, saa ngapi. Maana siku ya mtu wa hapa imejengwa juu ya chai. Chai ya rangi asubuhi na chapati au kiporo, chai saa nne mteja akija, chai tena jioni. Na chai, ya rangi au ya maziwa, inazuia madini chuma yasiingie mwilini. Kahawa vilevile. Maziwa nayo hayafai kumezea kidonge hicho, wala kisimezwe pamoja na vidonge vya chokaa (kalsiamu).

Tukapanga hivi. Chai yangu ya asubuhi naibakiza, naikunywa mapema, saa kumi na mbili na nusu kabla sijateremka. Saa nne kamili, ambapo tumbo liko karibu tupu na chai imeshapita, nameza kidonge cha kwanza kwa maji, na tunda lenye uchachu. Desemba ni msimu wa maembe, na nje ya kibanda chetu kuna kijana anauza embe zilizokatwa zikapakwa chumvi na pilipili. Namwambia aniwekee isiyo na pilipili. Siku nyingine ni chungwa, au maji ya ndimu. Vitamini C inasaidia chuma kupita. Kidonge cha pili usiku, zikipita kama saa mbili tangu nile, nikikaribia kulala. Chai ya saa nne na ya jioni nikaziacha. Ya jioni ndiyo iliyoniuma kuliko yote, nikiri, kwa sababu jioni chai ndiyo maongezi ya nyumbani kwetu. Mume wangu akaanza kunichemshia maji ya mchaichai mtupu, bila majani ya chai, ili nishike kikombe kama wengine.

Vidonge hivi vina maudhi yake. Vinachafua tumbo, na kwa mtu mwenye kichefuchefu kidonge cha asubuhi kinaweza kurudi. Nilikuwa nang'ata kipande cha kiazi kitamu kwanza, ikatosha. Choo kinakuwa cheusi. Usiogope, ni chuma hicho. Choo kinakuwa kigumu pia, na hapo papai, mboga za majani na maji mengi vilinisaidia. Wanawake wengi wanaacha vidonge kimyakimya kwa sababu ya haya, halafu kliniki wanasema wanameza. Mwambie nesi ukweli, atakubadilishia saa au aina ya dawa. Na vifungie mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza vingi, chuma kinaweza kumuua.

Chakula hakitoshi peke yake ukishafika 8.9, lakini kinabeba vidonge mgongoni. Kwetu tuna bahati ya dagaa. Tunanunua Mwaloni, Kirumba, kwa ndoo, na mama mkwe anawapika wazima na vichwa vyao, na nyanya nyingi na ndimu mwishoni. Nyama na samaki wana chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi, na pia wanakisaidia chuma cha mboga na maharage kuingia. Kwa hiyo nsansa (mboga ya majani makavu) ya karanga au kisamvu kikiwekewa dagaa kidogo pembeni kinafaa zaidi kuliko sahani kubwa ya majani matupu. Maharage tukawa tunayaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji. Maini kila mtu aliniletea. Ni mazuri, ila nesi alinikataza kuyafanya chakula cha kila siku, kwa sababu yana vitamini A nyingi sana na ikizidi si nzuri kwa mtoto aliye tumboni.

Halafu zikaja juisi. Wifi yangu alileta rozela, jirani bitiruti. Rangi nyekundu inawashawishi watu. Sina ugomvi na bitiruti, ni chakula. Rozela niliacha, maana wajawazito wanashauriwa kuwa nayo makini, na uzito wake wa rangi haumaanishi una chuma cha kutosha. Nilimshukuru wifi, nikampa mgeni akanywa. Upendo wa ndugu usiukatae, lakini wala usiufanye badala ya vidonge.

Udongo nilimweleza nesi pia, ingawa nilikuwa naona haya. Akasema hamu ile mara nyingi ni ya mtu aliyeishiwa chuma, na udongo wenyewe unakamata chuma tumboni kisiingie, tena unaweza kuja na mayai ya minyoo. Nikabadilisha njia ya kwenda kazini nisiipite ile meza. Damu ilipoanza kupanda, hamu ikaondoka yenyewe, bila vita.

Kuhusu kazi. Wateja wa sare niliwagawia fundi mwenzangu, nikabaki na kukata na kutia vifungo. Maji ya kupandisha mlimani akayachukua mume wangu kabla ya kwenda kazini. Mchana nalala kwa ubavu wa kushoto juu ya mabaki ya vitambaa, hapo hapo chini ya meza ya kukatia, na wateja wanasubiri. Wanaume mnaosoma hapa: mjamzito mwenye damu 8.9 hadeki. Moyo wake unasukuma damu kwa nguvu ili kidogo iliyopo iwafikie watu wawili. Mbebeeni.

Nesi alimwita pia mume wangu akamweleza mambo mawili: nisijifungulie zahanati ya karibu bali hospitali yenye damu, na watafutwe mapema ndugu wawili walio tayari kuchangia. Shemeji zangu wawili wakajitolea.

Wiki ya 36 nilipimwa tena, 10.4. Bado haikufika 11, lakini tofauti niliiona kabla ya kimashine kuisema. Moyo ulitulia, nikaweza kukanyaga pindo zima. Nilijifungua salama binti wa kilo tatu, na damu ya shemeji zangu haikuhitajika.

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Kuishiwa pumzi ukiwa umelala au umekaa kimya, kuzimia, maumivu ya kifua, kutokwa damu ukeni, homa, au mtoto kupunguza kucheza: nenda siku hiyo hiyo, hata usiku. Na kichwa kinachouma sana, kuona maruerue au uso kuvimba si mambo ya damu pungufu. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, inayoleta kifafa cha mimba, na nayo ni ya kukimbizwa hospitali.

Waliojifungua majuzi, msiviache vidonge leba. Mwili umetoa damu na bado unanyonyesha. Mimi niliambiwa niendelee miezi mitatu, na nilimaliza wakati ule ule ninampeleka mtoto chanjo ya wiki ya kumi na nne.